Wanawake wa Uingereza Katika Kanisa Letu la Mabati

Mama yangu hakuwahi kufika Uingereza, na sidhani angeweza kunionyesha ilipo kwenye ramani, lakini aliwazungumzia wanawake wa huko kana kwamba waliishi nyumba ya pili kutoka yetu. Alikuwa mchumaji wa majani chai katika shamba moja kubwa upande wa Kericho. Yeye na baba walitoka milima ya magharibi wakiwa wameoana juzi tu, wakapewa chumba kambini, na sisi watoto tukazaliwa hapo.

Walikuja na kanisa lao. Lilikuwa kanisa la watu wa kukaa kimya, ambapo yeyote aliyehisi anasukumwa kusema alisimama akasema, awe mwanamume au mwanamke. Mama alisimama karibu kila Jumapili. Kuna wanaume walionung'unika. Mama akawajibu kwamba huko Uingereza, zamani sana, wanawake walilala jela kwa sababu ya kanisa hili, kwa hiyo yeye hawezi kunyamazishwa na mtu ambaye hajalala hata kituo cha polisi.

Nilidhani anajitungia. Baadaye nikaenda chuo kikuu kusomea ualimu wa historia, nikawakuta wanawake hao kwenye vitabu vya maktaba, katika karne ya kumi na saba, na nikaona aibu kwamba nilikuwa nimemshuku. Alikuwa amewasikia kutoka kwa nyanya yake, ambaye aliwasikia kwa wamishonari, na katika safari yote hiyo hadithi zilikuwa hazijaharibika sana.

Leo mimi ni mwalimu katika shule ya kutwa si mbali na Kapkatet. Niliolewa na dereva wa lori la kubeba majani, mtu asiyependa kanisa wala kulipinga. Kanisa letu lipo bado, nyumba ya mabati kwenye kilima kati ya mashamba madogo ya chai, lakini watu wake wamebadilika. Mashine za kuchuma zilipokuja, kambi zikaanza kubaki tupu. Wazee wetu wakarudi magharibi na magodoro yao juu ya mabasi. Nafasi zao kwenye viti zikajazwa na wakulima wa hapa, watu wema, waliozoea kanisa lenye ratiba, kwaya na pasta wa kuhubiri. Ukimya ukafupishwa, na mwisho ukaondolewa kabisa. Mama akaendelea kusimama na kusema mpaka miguu ikakataa. Alipofariki, hakuna mwanamke mwingine aliyesimama.

Rafiki yangu nilimpata kambini tukiwa wadogo. Babake alitoka upande wa ziwa, akifanya kazi ya kuchochea moto kiwandani, na nyumba yao ilipakana na yetu. Tulipikiwa sufuria moja. Nywele zangu alisuka yeye, na zake nilisuka mimi, vibaya. Aliolewa na mkulima Mkipsigis, mwenyeji wa huku, akajifunza lugha yao mpaka wakwe wakasahau alikotoka, akafungua kibanda cha mitumba sokoni. Katika kanisa lile yeye na mimi ndio tuliobaki wa kambi. Nikimwita dada sikuwa nasema kwa adabu tu.

Ni yeye aliyenisukuma. Miezi michache baada ya mazishi ya mama, tulikuwa tumekaa kibandani kwake nikimsimulia juu ya mwanamke mmoja wa wale wa Uingereza, naye akaacha kukunja nguo.

"Kwa nini unaniambia mimi peke yangu?" akasema. "Hawa kina mama wanajua kupika chai ya wageni na kushona vitambaa vya madhabahu. Waambie na wao."

Hivyo nikaanza. Jumapili mchana, ibada ikiisha na wanaume wakienda kuzungumza bei ya majani, kina mama walibaki nami nyuma ya kanisa. Walikuwa wachache mwanzoni, baadaye viti vikawa havitoshi.

Nilianza na mwanamke wa kaskazini mwa Uingereza, mwenye jumba kubwa na mume jaji. Mhubiri mgeni alifika kanisani kwao, na mwanamke huyo aliposikia maneno yake alisimama pale kwenye kiti chake, kisha akakaa chini akalia. Tangu siku hiyo jumba lake likawa nyumba ya watu waliokuwa wakifukuzwa kila mahali. Walimfunga jela miaka kadhaa, na humo jelani akaandika kutetea haki ya wanawake kusema kanisani. Alizeeka sana. Na alipokuwa bibi kizee, wenzake wenyewe walianza kuamuru kila mtu avae rangi moja ya upole, naye akawaambia waziwazi kwamba huo ni upumbavu.

Mama mmoja mnene aliyeketi mbele, mwenye sare ya kanisa iliyopigwa pasi vizuri, alijitazama na kucheka mpaka machozi yakamtoka.

Kisha nikawaambia juu ya kijakazi. Huyu hakuwa na jumba wala mume, alikuwa mtumishi wa nyumba za watu. Alisafiri baharini, akakataliwa bandarini, akatembea kwa miguu nchi asizojua lugha zake mpaka akafika kwenye kambi ya Sultani wa Waturuki, akasema ana ujumbe kutoka kwa Mungu. Sultani akamsikiliza hadi mwisho, kwa heshima zaidi kuliko alivyosikilizwa kwao. Alipotaka kuondoka akapewa walinzi wa kumsindikiza. Akasema hahitaji, akaenda zake.

"Bila hata mtu wa kumbebea mzigo?" mama mmoja akauliza.

"Bila."

"Huyo alikuwa mchumaji," akasema, na wote wakakubali.

Lakini rafiki yangu alipenda hadithi moja kuliko zote. Ni ya Waingereza wawili waliohamia Amerika enzi hizo. Mmoja alikuwa mama wa watoto wengi, mwenye kuwasaidia wanawake wakijifungua. Alianza kuwakusanya wanawake nyumbani kwake kujadili mahubiri ya juma. Wachungaji wakaona hatari. Walimwita barazani, na wengi wa waliomshtaki walitumia maneno aliyowaambia wao wenyewe kwa faragha, alipodhani anazungumza na watu wa moyo wake. Hata mchungaji mmoja aliyekuwa amevuka bahari kwa ajili ya kumfuata, akaishia upande wao. Wakamtoa kanisani. Na alipoinuka aondoke, mwanamke kijana mmoja aliinuka kutoka kwenye viti, akamshika mkono, wakatoka pamoja mbele ya watu wote. Kijana huyo miaka mingi baadaye alirudi Uingereza, akaingia katika kanisa la kimya, akarudi tena Amerika akijua amekatazwa kukanyaga pale, wakamnyonga.

Rafiki yangu alinisindikiza siku hiyo mpaka njia panda. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni na alikuwa amejitanda leso kichwani.

"Mimi ningekuwa yule wa kushika mkono," akasema. "Kunyongwa, hapana. Lakini mkono, ningeshika."

Nikamwambia najua.

Mambo yakaanza kubadilika polepole. Jumapili moja katikati ya ibada, mama mnene wa sare alisimama bila kuitwa. Hakusema mengi. Alisema mtoto wake amerudi nyumbani kutoka mjini akiwa mgonjwa na amekuwa akimficha, na sasa amechoka kuficha. Akakaa. Kanisa likawa kimya, ule ukimya wa zamani, na nilihisi kama mama yangu amesogeza kiti akakaa nyuma yangu. Jumapili iliyofuata wakasimama wawili.

Pasta alikuwa mgeni kwetu, ameletwa mwaka ule. Alikuwa kijana kuliko mimi, amesoma, na sitasema alikuwa mbaya. Alitaka utaratibu. Alikuwa na ratiba ya ibada kwenye simu yake, na kila mwanamke aliyesimama aliivuruga. Akaniita.

"Mwalimu, mimi sina shida na historia," akaniambia. "Lakini kanisa si darasa. Watu wanaanza kusimama ovyo."

"Hawasimami ovyo, pasta. Hivi ndivyo kanisa hili lilivyokuwa."

"Lilikuwa. Sasa tuko na wazee wa kanisa, tuko na kamati. Wazee wanataka tuketi tuongee hii maneno vizuri."

Kikao kikapangwa. Sikuogopa. Nilijua nilichofundisha, na nilijua kina mama walikuwa nami. Zaidi ya yote nilijua nina rafiki.

Jumamosi kabla ya kikao nilikwenda kumsaidia kuchuma. Mumewe alikuwa amekwenda mnadani Siongiroi kutafuta ng'ombe, na majani yalikuwa yamekua kupita kiasi. Tulichuma mstari kwa mstari, kikapu mgongoni, tukizungumza kama tulivyozungumza tangu utotoni. Saa nane mvua ikaja kama kawaida ya huku. Tukakimbilia chini ya kibanda cha kuhifadhia majani, nguo zimelowa, tukawa tunatetemeka na kucheka.

Pale ndipo nilipomwambia. Sijui kwa nini siku hiyo. Labda ni kwa sababu harufu ya majani mabichi yaliyolowa ilikuwa harufu ya mama akirudi kazini.

Nilimwambia kwamba tangu tumzike mama, siwezi kusali. Nafunga macho, nafungua mdomo, hakuna kitu. Sijaacha kuamini, au labda nimeacha, sijui. Nikisimama mbele ya kina mama na kuzungumza juu ya wale wanawake wa Uingereza, nasikia sauti ya mama, na hiyo ndiyo sala pekee niliyobaki nayo. Nilisema nikilia. Hata mume wangu sikuwa nimemwambia.

Alinishika kichwa akakiweka kifuani kwake.

"Hii ni yetu sisi wawili," akasema. "Haitoki hapa."

Mvua ilipopungua tukapeleka majani senta ya kuuzia, tukapimiwa, tukaagana.

Kikao kilikuwa baada ya ibada. Wazee waliketi mbele na pasta, kina mama upande wa kushoto, nami kiti cha pembeni. Pasta alianza kwa upole. Alisema wote wananiheshimu kama binti ya mama aliyejenga kanisa. Kisha mzee mmoja, mwenye shamba kubwa kuliko wengine, akauliza hawa wanawake wa Uingereza ninaowafundisha walihusiana vipi na Biblia. Nikajibu. Akauliza kama ninawafundisha wake zao kubishana na wachungaji. Nikasema ninawafundisha kilichotokea.

"Kuna mama yeyote hapa anataka kusema kitu?" pasta akauliza.

Rafiki yangu akasimama. Nakumbuka nilishusha pumzi. Nakumbuka hata niliondoa mkoba wangu kwenye kiti cha kando yangu, nikidhani akimaliza atakuja kuketi hapo.

Hakunitazama. Alimtazama pasta.

"Mimi nimekua na mwalimu," akasema. "Ni kama dada yangu. Ndiyo maana hii kitu inaniuma. Tusimlaumu. Mwalimu hayuko sawa. Aliniambia yeye mwenyewe, tangu mama yake afe, hasali. Hajui hata kama anaamini. Hayo mafundisho anafanya ni ya kumtafuta mama yake. Sasa mtu ambaye hasali ataongozaje wamama? Tumwombee. Apumzike kwanza."

Ilisikika kama huruma, na ndiyo maana ilifanya kazi. Kama angenitukana, kina mama wangenitetea. Lakini niliona nyuso zao zikibadilika moja baada ya nyingine, zikawa laini, zikawa za watu wanaomtazama mgonjwa. Mama mnene wa sare aliinamisha kichwa. Mzee mwenye shamba kubwa akasema, "Kumbe," mara moja tu.

Pasta akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ni kweli?"

Ningeweza kusema si kweli. Nilimtazama rafiki yangu, nikingoja angalau ageuke. Alikuwa akikunja pembe ya leso yake, akiikunja na kuikunjua. Nilikuwa nimewasimulia watu hawa, kwa mdomo wangu, juu ya mwanamke aliyeshtakiwa kwa maneno ya faragha. Nilikuwa nimewaeleza vizuri kabisa. Haikunisaidia kitu.

"Ni kweli," nikasema.

Wakaomba wote wasimame waniombee. Wakaweka mikono mabegani mwangu. Nilivumilia mpaka amina ya kwanza, kisha nikachukua mkoba wangu nikatembea katikati ya viti mpaka mlangoni. Nilitembea polepole. Nitasema ukweli, nilikuwa nampa mtu nafasi ya kuinuka. Hakuna aliyeinuka. Nje jua lilikuwa limewaka kwenye majani, na watoto walikuwa wanacheza mpira wa makaratasi.

Nyumbani nilimweleza mume wangu yote, pamoja na lile la kutosali. Alisikiliza akifunga kamba ya kiatu, kisha akaifungua, kisha akaifunga tena.

"Na mimi ungeniambia," akasema, "ningemwambia nani? Injini?"

Nilicheka, halafu nikalia vibaya sana.

Katikati ya juma rafiki yangu alikuja. Alisimama mlango wa jikoni na maziwa mkononi. Sikumkaribisha ndani, naye hakujaribu kuingia.

"Nilikuwa nakusaidia," akasema. "Walikuwa wanataka kukufukuza kabisa. Waliapa. Nikaona wakikuonea huruma, watakuacha."

"Ulijuaje walichoapa?"

Akatazama maziwa yake. Nikarudia swali.

"Pasta alikuja kwetu," akasema mwishowe. "Ijumaa. Aliongea na bwana yangu. Wanataka awe mzee wa kanisa. Unajua wewe vile mimi huwa hapa. Hata baada ya miaka yote hii, nikikosana na mtu naitwa mgeni. Watoto wangu wanaitwa wa mgeni. Wewe una mshahara, una mume mtu wa kwenu. Mimi niko na nini?"

"Ijumaa," nikasema. "Na mimi nilikuambia Jumamosi."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichoniuma zaidi. Alinishika kichwa mvua ikinyesha, akaniambia haitoki hapa, akiwa tayari anajua kikao kitaamua nini na anatakiwa kusema upande gani. Alikuwa hana la kusema dhidi yangu, nikampa mimi.

"Sikukuita shambani kukuchimba," akasema, kama aliyesikia ninachowaza. "Ulisema mwenyewe."

"Nenda na maziwa yako."

Akaenda. Alitembea haraka, na nilimtazama mpaka akapotea nyuma ya mikaratusi.

Mumewe akawa mzee wa kanisa. Yeye akafanywa kiongozi wa kina mama. Sikurudi. Baadhi ya kina mama walikuwa wakinisalimia sokoni kwa sauti ya hospitalini, wakiuliza kama naendelea vizuri.

Ningelimeza hilo. Lakini siku moja mama mnene wa sare alinikuta kituo cha kuuzia mboga, akaniambia kwa furaha kwamba mafundisho yanaendelea. "Dada yako anafundisha vizuri pia," akasema. "Jumapili alituambia juu ya yule wa Sultani. Eti alikuwa bibi ya mchungaji. Bwana yake alishikwa na homa, akamtuma apeleke ujumbe badala yake. Na wakampa askari wa kumrudisha salama kwa bwana yake."

Niliweka chini sukumawiki niliyokuwa nimeshika. Nikamwambia hapana. Hakuwa na bwana siku hizo. Hakutumwa na mtu. Askari aliwakataa. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, na muuzaji akageuka.

"Lakini wewe mwenyewe si ndiye ulimfundisha?" mama yule akauliza, akiwa amechanganyikiwa.

Kuniumbua mimi, rafiki yangu alikuwa na sababu, hata kama ni mbaya. Kijakazi yule alimkosea nini? Mtu aliyetembea peke yake nchi zote zile, na sasa kwenye kilima chetu amepewa mume mgonjwa na ruhusa. Nilisoma zamani kwamba hata kwao Uingereza, kanisa lilipoanza kupata heshima, wanaume waliketi kwenye kamati kuamua maandishi gani ya wanawake yachapishwe na yapi yafichwe. Nilikuwa nimelisoma kama jambo la mitihani.

Mwaka huu, wakati wa baridi, alifariki bibi mmoja mzee upande wa Kedowa, mchumaji mwenzake mama, aliyekataa kurudi magharibi, akahamia kwa binti yake. Watoto wake walinipigia simu. Walisema mama yao aliacha neno kwamba mimi niseme, nyumbani, kabla jeneza halijafika mikononi mwa pasta yeyote. Nikaenda. Watu walikuwa wengi, viti vya plastiki chini ya turubai, na nikaona sare za kanisa letu. Rafiki yangu alikuwa mstari wa mbele na leso yake.

Sikusema juu yake, wala sikusema kwa mafumbo. Nilieleza marehemu alikuwa nani, alivyochuma haraka, alivyoimba vibaya. Kisha nikaeleza habari za kijakazi aliyekwenda kwa Sultani, kwa sababu marehemu alimsikia kwa mama akampenda, na nilieleza jinsi alivyokuwa. Nilipofika pale alipokataa walinzi, sikumtazama mtu yeyote. Nilinyamaza kidogo, na turubai lote likanyamaza nami. Sikusali. Bado siwezi. Nilikaa tu kimya hapo mbele, mikono imelegea, mpaka mtoto mmoja akaanza kulia na kwaya ikaanza.

Wakati wa chakula tulipanga mstari wa kunawa. Nilipofika kwenye beseni, aliyeshika jagi alikuwa yeye. Hakuna aliyempangia, nadhani alijipanga. Alikuwa amezeeka kidogo, au ni baridi.

"Ulisema vizuri," akasema bila kuinua macho. "Mimi nilisahau hiyo ya askari."

"Hukusahau," nikasema.

Akamwaga maji. Nikanawa mikono yote miwili, polepole, na alingoja mpaka nikamaliza. Nikamwambia asante, kwa sababu mtu akikumwagia maji unasema asante. Nikaenda nikakaa na mume wangu, ambaye alikuwa amenitunzia ugali na kipande kizuri cha nyama, na nikala nikiwa nimempa rafiki yangu mgongo.